Usingizi Usio na Shahidi

Barua pepe ilikuja Jumanne, mistari mitatu tu,
kutoka kwa Bwana Zenobiusz wa Suwałki,
kule kaskazini ambako baridi ya Poland hunolewa makali:
*Nifuteni.
Miaka kumi na moja nimelala mbele yenu.
Sasa nautaka usingizi usio na shahidi.*

Sisi, hapa Łódź, ghorofa ya pili ya kiwanda cha zamani cha pamba,
tunauza saa ya mkononi inayosikiliza watu wakilala:
nani kakoroma, nani kageuka,
nani kaamka saa tisa akaenda jikoni kunywa maji.
Kila usiku ni rekodi moja, hupandishwa winguni.
Wingu gani? Halina mvua, halina kivuli.
Ni jengo huko Frankfurt, lina feni na walinzi,
nami sijawahi kulitia machoni.

Hifadhidata yetu haina majedwali yaliyonyooka
kama daftari la mhasibu.
Kila rekodi huja na umbo lake, ikapokewa.
Lakini kwenye kufuta ni bahili:
huwezi kuiambia, *ondoa vyote vya fulani.*
Hutaka funguo mbili kwa kila kimoja,
namba ya mtu na tarehe ya usiku wake.

Basi nikaandika msimbo uniletee funguo tu,
nisije nikamchungulia mzee wa watu kitandani.
Nikakosea neno moja.
Zikamwagika rekodi nzima nzima,
na chini ya usiku mmoja wa Novemba, maelezo aliyojiandikia:
*Bronka kahamia chumba cha pili.*
Na wiki tatu mbele:
*Kitanda kikubwa.*

Nikafunga dirisha upesi,
kama aliyesukuma mlango wa choo akakuta mtu.

Elfu tatu mia tisa na kumi na mbili.
(Siku nyingine, nadhani, saa iliishiwa chaji.)
Ishirini na tano kwa mkupuo, haizidi hata moja.
Bandu bandu, gogo likaanza kuisha:
Januari zake, homa zake, usiku wa kuamkia mwaka,
vyote vikipita kwenye kioo kama namba,
nami nakunywa chai iliyopoa.

Saba zikarudi. *Hazikushughulikiwa.*
Nikabisha hodi tena kwa adabu:
hodi ya kwanza, nusu sekunde;
ya pili, sekunde nzima;
ya tatu, mbili.
Ndipo zikakubali.

Nikahesabu: sifuri.
Nikahesabu tena: moja.
Kulikuwa na nakala, seva nyingine huko,
ambayo habari za msiba zilikuwa hazijaifikia.
Kwa woga nikafuta mara ya pili kitu ambacho hakipo.
Jibu: *sawa.*
Ukifuta kilichopo, sawa.
Ukifuta kisichowahi kuwapo, sawa,
kwa sauti ileile.
Nilibaki nikiitazama sawa ile kwa muda.

Wacław, msimamizi wangu, alikuwa ameshavaa koti.
"Mwandikie tumemaliza."
Hatukuwa tumemaliza.
Nakala ya akiba hukaa siku thelathini na tano ndipo ife,
na kitabu cha mfumo kilikuwa kimeshaandika
kwamba Bogna, saa kumi na dakika nane za jioni,
amemfuta mtu namba fulani.
Kufuta nako kuna makaratasi yake.

Nikamwandikia yote, hata lile kosa la neno moja.
Hata Novemba.
Sikumtaja Bronka kwa jina.

Asubuhi nikakuta jibu:
*Siku thelathini na tano nitangoja.
Kukesha nimekuzoea.*

Lilitumwa saa tisa na dakika kumi na moja za usiku.
Sikuitafuta saa hiyo.
Barua pepe huiandika yenyewe,
pale juu kabisa, kabla ya salamu.