Namba za Kijani

Kompyuta niliinunua Majengo, kwa Lugaila,
aliyefunga banda lake la michezo akaenda Kibaigwa kulangua mahindi.
Alinifutia kioo kwa pindo la fulana,
akaniachia nyaya, kipanya kinachosuasua,
na juu kulia, konani, namba za kijani:
sitini. Sabini na moja. Asilimia thelathini na nne.
Hazitulii. Zapanda, zashuka, bei ya nyanya soko la Sabasaba.

"Hayo ni mapigo ya mashine," alisema siku ile.
"Joto lake, kasi yake. Mchezaji lazima ajue."
Mimi si mchezaji.
Nachapa barua za kuomba kazi, mikataba ya viwanja vya Nala,
mitihani ya majaribio, kadi za kipaimara,
kuchapa ukurasa mia tano, nakala mia moja,
na kila ninachochapa kina kijani kichwani,
nzi aliyejialika.

Nilizima, nikawasha. Ziliamka kabla yangu.
Nilibandika plasta. Joto la Oktoba likaibandua,
ikaacha gundi, gundi ikala vumbi,
na ndani ya uchafu ule zikaendelea kuwaka.
Mteja mmoja alidhani ndiyo bei yake.
Akauliza mbona inapanda naye bado amesimama.

Jumanne akaja mzee Chedego, kutoka Mvumi,
na daftari la shule lenye mwandiko wa bintiye:
ratiba ya mazishi, kurasa mbili,
picha juu, jina kwa herufi kubwa.
Akavuta kigoda, akatazama kioo.
Kisha akaacha kutazama.

"Mama, hizo namba zitoe."

Nikamweleza habari za mashine, mapigo, joto.
"Najua," akasema. "Hospitali nilikaa nazo siku tisa.
Rangi hiyohiyo. Zikipanda nashukuru,
zikishuka namkimbilia nesi.
Siku ya tisa mke wangu alisema neno.
Mimi macho yalikuwa kwenye kona."

Akanyamaza.
"Neno gani, sijui."

Nilimpigia Lugaila mara saba; alikuwa juu ya magunia.
Ya nane akapokea, akicheka na watu wengine:
"Aa, hizo? Shika Alt, usiachie, gonga R."
Basi.
Miezi minne, roli nzima ya plasta,
kumbe vidole viwili.

Nikashika. Nikagonga.
Zikazama. Idodomya, angesema bibi yangu,
kama tembo yule aliyeuachia mji huu jina:
hakuna shimo, hakuna wimbi,
kona nyeupe tu, karatasi sawa na karatasi nyingine.

Hakushukuru. Alisogeza kigoda
mpaka magoti yakagusa meza,
akalisoma jina la mkewe kwa kidole, bila kugusa kioo,
herufi moja, nyingine, akasimama.
"Umeandika Mbelege. Ni je. Mbeleje."
Nikasahihisha.
Akarudia kusoma tangu mwanzo, kazaliwa wapi, kabatizwa lini,
watoto sita, wajukuu kumi na wanne,
na hapakuwa na kitu kingine cha kuangalia.
Kudurufu nakala mia mbili kulichukua saa nzima.
Hakuniuliza bei mpaka ya mwisho ikatoka.

Jioni nikifunga hesabu, jicho lilikimbilia kona.
Mara mbili. Mara tatu.
Halikuambiwa.
Sasa sijui mashine ina joto kiasi gani,
sijui inapumua mara ngapi kwa sekunde.
Nikaweka kiganja ubavuni mwa kasha,
feni ikinguruma, vumbi likinata vidoleni.
Ina joto.
Ni Oktoba, Dodoma.
Sote tuna joto.