Amiri wa Farasi

Huyu Amiri Mngumi
aliteka maji nami
tukichunga punda kumi;
ukoo wake ni kazi.

Vita Mvita kufika,
farasi pwani kushuka,
kila bwana kaanguka
na kilemba na hirizi.

Mngumi akaja pole,
akamwendea wa mbele,
kamkuna shingo, nywele,
kapanda pasi na ngazi.

Waungwana wakanuna,
pua zao wakabana:
“Atuongoze? Hapana,
ananuka punda, zizi!”

Lakini njaa na ndui
nasaba hazitambui;
wakazikwa, na adui
akatambaa ja mwizi.

Vitani kule Makupa
alikata, akatupa;
nilihesabu mifupa
kwa vidole na machozi.

Siwa mbele ikawekwa,
jina la Mwinyi kapakwa,
akatawazwa, kavikwa
joho la zari na nyuzi.

Kaja mtu wa kalamu,
kamwandikia kaumu,
mababu kutoka Shamu,
shina, tawi na mizizi.

Mamake akauliza,
chungu akikigeuza:
“Shamu ndo walokukuza,
au mimi kwa mbaazi?”

Akipita Kibokoni,
nami na maji kichwani,
hainui yake mboni,
kama mwenye usingizi.

Masika yakawadia,
na mbung'o wakawajia,
farasi wakajifia,
wakabakia ni ngozi.

Leo yuko barazani,
farasi hana bandani,
cheo kingali kichwani;
kilemba hakina kazi.

Jana kisimani kaja,
pekee, bila daraja,
akashika kamba moja:
tukavuta, kama juzi.