Kisanduku cha Tisa

Fomu ina visanduku kumi na viwili.
Kumi na kimoja Gian-Reto amevijaza wima,
koti bado mabegani: jina, mtaa,
miaka kumi na minne ya kutengeneza tramu,
ndoa moja, watoto wawili, hajawahi kushtakiwa.
Kimebaki cha tisa.
Mshahara unaotarajia.
Hapo akavua koti, akaketi.

Ladina akaleta bahasha ya bima ya afya,
akaigeuza mgongo. Bahasha hii imekula vyetu, akasema,
leo nayo itumike.
Akaanza na kodi ya nyumba:
vyumba vitatu na nusu, Altstetten,
na hiyo nusu ni pembe ya meza tu
ambapo Flurin hulazwa akiwa na homa.
Kisha bima, vichwa vinne,
na kile unachotoa mwenyewe
kabla bima haijanyanyua kidole.
Kisha malezi ya mtoto, siku tatu kwa wiki,
maana ya nne ni ya bibi yake, na ya tano
mume na mke hupishana mlangoni
kama wakimbiaji wa kupokezana kijiti,
na kijiti ni Flurin, mdomo umejaa mkate.
Kisha chakula. Kisha nyama, kwenye mstari wake yenyewe,
kwa kuwa nyama hufuatwa Konstanz, ng'ambo ya mpaka,
na treni nayo haipandwi kwa salamu.
Kisha meno.
Kisha mifuko ya taka, maana Zurich
hata kutupa kunalipiwa.

Penseli ikafika ukingoni.
"Hiyo ni ya kuishi," akasema Gian-Reto.
"Wao wanataka ya kutosha."
"Kutosha nini?"
Friji ikanguruma, ikanyamaza.

Lugha hii ninayoiandikia ina mchezo wa kitoto:
pindua silabi mbili za mwisho za mshahara,
itadondoka raha.
Ladina hajui Kiswahili,
na kikokotoo chake hakipindui kitu.
Kinajumlisha.

Akapiga mstari, akaendelea chini yake:
kahawa ya dukani bila kuuliza bei.
Viatu vya baridi ambavyo binamu hajavivaa kwanza.
Jumapili jioni bila tumbo kukaza.
"Hiyo ya mwisho ni shilingi ngapi?"
Faranga, nilitaka kuandika. Faranga ngapi.
"Andika tu chochote," akasema mumewe.

Ndipo Seraina akatoka kunywa maji.
Miaka kumi, nywele upande mmoja.
Akaisoma bahasha kichwachini, haraka,
kama wasomavyo watoto wasiopaswa kusoma.
"Kambi ya theluji hamkuiweka."
"Si ulisema huipendi theluji?"
"Nilisema."
Akanywa yote, akasuuza glasi,
akairudisha kabatini, akaenda zake kulala.

Hawakutazamana.
Hakuipenda tangu lini?
Tangu Novemba. Tangu ile barua ya shule
yenye tarehe ya kuondoka, orodha ya glavu, na bei.
Bahasha haikuwa tena na nafasi;
Ladina akaiandika kambi juu ya stempu.

Jumla ikatoka. Sitaitaja.
Ukiisikia ukiwa mbali utasema, hao ni matajiri.
Ukiisikia Altstetten utauliza, kwa upole,
"Na mnamudu?"

Gian-Reto akaipunguza mia tano, kwa haya,
asionekane mroho mbele ya watu asiowajua.
Ladina akachukua kalamu ya wino
akazirudisha zote mia tano,
akaongeza mia moja ambayo hakuieleza.

Ilikuwa saa tatu na nusu. Zamu yao ya chumba cha kufulia
hufungwa saa nne, na nyingine ni baada ya wiki mbili.
Akanyanyua kapu, soksi za sufu juu yake,
akashuka ngazi za chini ya ardhi
midomo ikicheza,
akiitamka ile namba taratibu
kama mtu anayejifunza
kutaja jina lake mbele ya afisa.