Hatua Mbili Chini

Baba aliporudi kutoka India
nywele zikianza kuota juu ya mishono,
aligusa kile kibonge chini ya mtulinga, akacheka:
"Miaka arobaini natia betri saa za watu,
leo na mimi nimetiwa."
Sentensi ndefu ya mwisho niliyoisikia nzima.

Mkono ulitulia, kweli.
Mtaa wa Narung'ombe walikuja kushangaa
kibanio kikiokota skrubu ndogo kuliko punje ya ulezi
bila kuidondosha.
Ila maneno yakaanza kutoka yameshikana
kama tende zilizosahaulika juani.
Kwenye simu wateja wakauliza, "Mzee, mtandao unakata?"
Mmoja alisogea akamnusa mdomo,
yeye ambaye hajaonja hata togwa iliyolala.

Daktari wa Muhimbili alituchorea kwa penseli:
umeme ukipanda, vidole vinatii, sauti inazama.
Ukishuka, sauti inaibuka
na mkono unarudi kwenye ngoma yake.
"Tutafute katikati."
Tunaitafuta tangu Rajabu.

Jana nimeolewa.
Alfajiri alimpa mama rimoti, akainua vidole viwili.
"Mbele za watu, baba Zamda?"
Akavirudisha juu, viwili vilevile.

Mimi nilikuwa chumbani, ushungi usoni,
somo yangu akinipepea kwa kifuniko cha hotipoti.
Ng'ambo ya pazia, kimya.
Halafu mguu wa meza ukaanza kugonga sakafu,
ta-ta-ta-ta,
nikajua.
Kisha sauti. Siyo ya zamani. Kavu, ina kutu,
lakini kila herufi imesimama kwa miguu yake:
"Nakuoza
mwanangu
Zamda
kwa mahari mliyopatana."

Zamda. Ile Z!
Miezi saba nilikuwa Aaada.

Usiku Shomvi akanionyesha kiganja:
"Alinitikisa mpaka bega.
Nilipojibu nimekubali
sikujua ni nani kati yetu anayetetemeka."

Mama alipandisha umeme kabla ya pilau.
Baba akala, hakumwaga hata punje.
Nilipoinama kumuaga alinivuta,
akaniambia jambo refu sikioni,
limeshikana lote, lina joto,
mwishoni likapanda kidogo kama swali.
Nikasema, "Ndiyo, baba."
Akafurahi.
Sijui nimekubali nini.