Sarafu ya Bi Thubron

Hartlepool, Jumamosi jioni, mwaka wa sabini na saba,
mvua inabisha dirishani kama mdai.
Baba kasinzia kitini,
soksi zake zinafuka mvuke mbele ya makaa.
Mimi na Clive tuko sakafuni, pua karibu ziguse kioo,
maana Mama kashachoka kutuonya kwamba tutapofuka.

Muziki ule! Kinanda kilichomeza nyuki.
Nuru ya Tisa ikakatiza kati ya nyota,
ikining'inia kwenye uzi ambao siku hizo haukuwapo,
naapa haukuwapo.

Sehemu ya sita. Wiki nzima nimeihesabia vidole.
Kimondo kimetoboa chumba cha mitambo,
hewa inavuja, taa zinazimika mojamoja,
na Daktari Ilvane, mwanamke asiyecheka,
amebakiwa na betri moja tu:
aitie kwenye pampu, watu wapumue,
au amrudishie uhai Tambo,
roboti wa mabati mwenye macho ya taa za baiskeli,
ajuaye peke yake njia ya kurudi.
"Usinihesabu," Tambo akasema,
sauti kama kijiko ndani ya kopo.
"Mimi sikuzaliwa."
Clive akavuta kamasi. Nikajifanya sikusikia.
Ilvane akanyoosha mkono,
taa ya mwisho ikafifia,

giza.

Tulikaa kimya tukistaajabia ufundi wao,
kwamba giza la angani limefika mpaka jikoni,
limenyamazisha hata friji.
Kisha nukta nyeupe katikati ya kioo
ikanywea, ikafa.

"Mita!" Mama akapiga kelele.
Kisanduku kile kilafi chini ya ngazi,
kila peni hamsini kumeza, kutema umeme wa jioni moja.
Hamadi kibindoni, lakini kibindo kitupu:
Baba akapekua koti, mtungi wa chai, nyuma ya saa,
akapata kifungo, kidonge cha kikohozi,
tiketi ya farasi aliyeshika mkia.
Clive akatumwa kwa Bi Thubron, pekupeku, mvuani.
Mimi nikakishika kioo kwa viganja viwili,
bado kina joto,
nikakinong'oneza: ngoja, ngoja kidogo.

Umeme uliporudi, majina yalikuwa yanapanda,
mbiombio, kama watu wanaokwepa deni.

Jumatatu shuleni nikapewa miisho mitatu.
Gareth Pounder aliapa kwamba Tambo kalipuka.
Hilary alisema la, Ilvane alilia, machozi yakawa umeme.
Wa tatu ulikuwa uongo hata kwa msimuliaji wake.
Nikatunga wangu, nikalala nao miaka:
Ilvane anapapasa mifukoni, anapata kifungo, kidonge,
kisha mtoto anagonga mlango wa chombo,
kalowa chapachapa,
sarafu kaifumbata.

Juzi Clive kaja na diski, goti lake bovu, mjukuu mgongoni.
Uzi unaonekana.
Anga nzima inatikisika mtu akifunga mlango.
Sikujali hata chembe.
Taa ya mwisho ilipofifia nikamkaba mkono,
na Ilvane, bila kusita, betri akampa Tambo.
Na watu je? Wakabana pumzi!
Ndiyo hilo tu: watu wazima wanane,
mashavu yamevimba kama vyura,
sekunde kumi na moja,
mpaka mabati yakaamka, hewa ikavuma.

Tulipoachia pumzi zetu ndipo tukajua tulizibana.
Tukacheka hadi mjukuu akatuogopa.
Clive akafuta macho, akatazama dirisha, mvua ileile.
"Unajua," akasema, "sarafu ya Bi Thubron
hatukuirudisha."