Shika Ukingo

Mwanamtama kaja na kopo la Kimbo,
kifuniko kimekazwa kwa mpira wa baiskeli,
akataka kulimwaga juu ya kaunta yangu
hapa Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
ninapopiga picha za pasipoti na vitambulisho.
"Zipige vizuri. Kuna mtu Arusha
anataka kuziona mbele na nyuma."

Kwanza, nikamwambia, usizimwage.
Sarafu zikigongana zinaumana,
na jeraha la sarafu halifungi kovu.
Pili, shika ukingo. Hivi.
Kama unavyomshika kipepeo
usiyetaka unga wake ukubakie vidoleni.
Usoni usiguse. Leo jasho halionekani;
ngoja miaka miwili, chumvi ya hewa ya Tanga
ikutane nalo: mistari ya dole lako itaota pale,
kama umesaini daftari la mshahara.

Akaiondoa mikono, akaikalia.

Nikatandika kipande cha buibui kuukuu la mke wangu,
nikawasha taa moja, chini, ubavuni,
usawa wa meza, kama jua la asubuhi
linavyopenya chini ya mlango.
Flashi sikuitaka. Flashi ni mgeni mwenye makelele,
akiingia hakuna mwingine anayesikika.
Mwanga wa ubavuni unauliza taratibu,
na shaba ikaanza kujibu:
taji. Shada la majani. Mwaka.
Kisha neno, herufi kwa herufi,
*Heller*.

Nikaacha kubonyeza.
Kumbe ndiyo wewe.
Wewe tunayekukosa kila tarehe ishirini,
wewe tunayekugombania Mgandini kwenye fungu la nyanya,
"sina hela", "nipe hela", "hela zake zina mdomo".
Waliokugonga wamekwenda zao zamani,
wakaja wengine na wafalme wao, nao wakaenda,
wewe umebaki ulimini, huna hata uzito.

"Hiyo kubwa ina T," kasema Mwanamtama.
"T ya Tanga. Baba alituambia."

Nikazungusha lenzi isiyohitaji kuzungushwa.
Ni Tabora. Vita viliwabana, wakazigonga huko
kwa shaba ya kuokoteza.
Ningenyamaza, ila mtu wa Arusha hatanyamaza.
"Tabora," nikasema.
Akaitazama muda.
"Basi alitudanganya miaka thelathini."
"Labda naye aliambiwa."
"Wapi! Baba mtu wa Pongwe.
Kila herufi nzuri alisema ya kwetu."
Akacheka peke yake, hadi akajifuta macho.

Halafu akanipa rupia ya fedha, kwa fahari,
kaishika ukingo kama nilivyomfunza.
"Hii nimekusafishia. Ndimu na majivu."
Iling'aa kama sufuria ya harusi.
Tunaambiwa si kila king'aacho ni dhahabu;
hakuna aliyetuambia kwamba kuking'arisha
ndiko kukichuna ngozi.
Kila nilipoinamisha kamera
niliuona uso wangu mle, umepinda, na kofia.
Kompyuta ingeweza kuirudishia weusi wake.
Niliipiga hivyo hivyo, na bei sikumtajia.

Ya mwisho chini ya kopo: senti kumi ya tundu,
imepitishwa uzi wa katani.
Hiyo kwa wakusanyaji haifiki bei ya andazi.
Nikaipiga upande mmoja, nikanyoosha mkono kuigeuza.

"Hiyo basi," kasema.
Siku ya kwanza ya shule, baba aliifunga
kwenye kifundo cha mkono wake, fundo mbili,
isipotee kabla ya saa ya mapumziko.
Hakuinunulia kitu. Alirudi nayo.

Akaichukua juu ya kitambaa cheusi,
si ukingo, si vidole viwili:
akaifumbata kiganja kizima, jasho na yote,
nami mwalimu wake wa nusu saa
nikajifanya nafuta lenzi.