Kidato cha Saba

Kwanza ilipotea ngazi, Oktoba,
ubavuni mwa kibanda changu cha bustani
nje kidogo ya Łódź, pale tramu inapogeuza.
Kisha bomba la shaba la maji ya mvua.
Kisha toroli, ambalo gurudumu lake
hulia kama mlango wa kanisa,
na bado sikuamka.

Kajetan, mtoto wa kaka yangu, akaja na simu yake.
"Shangazi, nunua hizi zisizo na waya.
Unabandika, umemaliza."
Betri? Miezi sita, inasema karatasi.
Karatasi haijawahi kulala nje Łódź mwezi wa Januari.
Na picha zinakaa wapi?
Mawinguni, akasema, kwa zloti kumi na tisa kila mwezi.
Nikatazama juu. Mawingu nilikuwa nayo ya kutosha, bure.
Sitalipa kodi ya macho yangu mwenyewe.

Nikachukua za waya: mbili, si nne,
maana jicho la tatu lingelinda kabichi tu.
Waya mmoja, umeme unakwenda, picha inarudi;
Zenon angeupenda.
Miaka thelathini na moja alitengeneza tramu za mji huu,
akaniachia droo ya skrubu na agizo moja:
kabla waya haujaingia ukutani, uache ulegee
kama tumbo la paka mzee,
maji yadondokee hapo, yasiufuate ndani.

Urefu, mita tatu.
Chini ya hapo mkono unaifikia,
juu ya hapo utarekodi kofia za watu.
Isikabili mawio. Isikabili bati linalong'aa.
Nenosiri la kiwandani nikalitupa,
nikaweka jina la samaki
ambaye Zenon hakuwahi kumvua.

Lakini mita tatu zinataka ngazi.

Bwana Olgierd wa ng'ambo ya ua akaniazima yake.
Aliileta mwenyewe, akaishika chini kwa mikono miwili
kwa sababu ardhi ilikuwa na barafu nyembamba.
"Polepole, bibi Bogumiła."
Nne. Tano. Sita.
Kidato cha saba kikacheza kushoto, kidogo tu,
vile kilivyocheza tangu mwaka ule
Zenon alipokitia skrubu ya tramu
mahali pa ile iliyopotea.
Mguu ulijua kabla yangu.

Nikasimama hapo na kekee mkononi.
Chini yangu kulikuwa na upara, skafu ya kijivu,
vidole vilivyokuwa vyeupe kwa kukaza.
Alikuwa ameishika ngazi yangu nisianguke.
"Imekaa sawa?" akauliza.
"Imekaa."
Nikatoboa. Vumbi la tofali likamwangukia begani,
wala hakulipangusa.

Jioni nikawasha skrini.
Picha ya kwanza kabisa ya mtambo wangu:
wazee wawili wamebeba ngazi moja,
mmoja mbele, mmoja nyuma,
wanapita langoni kuelekea kwake.
Wa nyuma ni mimi. Natembea kama mtu anayesaidia.

Toroli sijui liko wapi. Labda hilo si yeye.

Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini.
Kadi yangu inashika kumi na nne,
kisha inaandika juu ya ilichoandika.

Usiku simu ililia mara tisa.
Buibui, mara zote tisa buibui yuleyule,
mkubwa kama ng'ombe mbele ya lenzi.
Sikulala. Nikaona jicho la pili
linafika mpaka dirishani kwa bwana Olgierd,
mpaka kwenye sahani, kwenye kijiko.
Kijitabu kinasema: ziba yasiyokuhusu.
Nikamchorea mraba mweusi juu ya dirisha.
Mtu anywe supu yake bila mashahidi.

Chini ya mraba skrini inauliza: uhifadhi?
Ndiyo. Hapana.
Chai imepoa. Bado inauliza.